Chagua pikipiki ya saa kumi na moja alfajiri

Mtu akitaka kununua pikipiki hapa Timau, swali la kwanza atakaloulizwa ni ukubwa wa injini. Cc ngapi? Muuzaji wa Nanyuki atamuuliza hivyo, fundi aliye kando ya stendi atamuuliza hivyo, na mashemeji watakaokutana naye Jumapili nje ya kanisa watamuuliza vivyo hivyo. Akishajibu, mazungumzo yanahamia kwenye bei, na kutoka kwenye bei yanafika kwenye rangi. Ni wachache mno watakaomuuliza: wewe hutoka nyumbani saa ngapi?

Kwa anayetafuta chombo cha kumfikisha kazini na kumrudisha kila siku, mimi hilo naliweka mbele ya mengine yote. Kazi katika mashamba ya maua huanza mapema. Mwalimu wa darasa la mtihani hutakiwa shuleni kabla jua halijapanda. Muuguzi anayepokea zamu, mpishi wa hoteli za hifadhini upande wa Lewa na Borana, karani anayeteremka Nanyuki, wote hawa huondoka kwao kukiwa giza. Na sisi tunaokaa karibu kabisa na mstari wa ikweta hatuna msimu wa kutupunguzia giza hilo. Kule Ulaya, aendaye kazini kwa pikipiki mwezi wa Juni huondoka kukiwa kweupe. Kwetu jua huchomoza kwenye saa kumi na mbili na nusu, mbele au nyuma kwa dakika chache tu, Januari hadi Desemba. Kwa hiyo pikipiki utakayonunua leo itafanya karibu nusu ya kazi yake gizani kwa muda wote utakaokaa nayo, na giza la huku huja na baridi, mara nyingi na ukungu, na upepo usio na pa kuuzuia kwa sababu pande zote ni ngano na shayiri.

Wanunuzi wengi huiga wahudumu wa boda. Si ajabu. Boda ndio wanaozijua pikipiki, ndio wanaoonekana nazo mchana kutwa, na neno lao lina uzito. Boxer imejaa kila stendi kuanzia Timau hadi Kisima, na kwa sababu nzuri: springi zake za nyuma zinavumilia, kiti ni kirefu, keria ni pana, na vipuri vyake unavipata hata katika duka linalouza sukari na mishumaa. TVS HLX inaifuata kwa karibu. Mwenye boda anahitaji chombo cha kubeba gunia la viazi, mitungi ya maziwa, mama na mtoto wake na mzigo wao wa sokoni, kwa mwendo wa pole, kutoka lami hadi kijijini na kurudi. Analipwa kila siku, na baada ya miaka miwili au mitatu ataiuza anunue nyingine. Hesabu zake zote ziko sawa kwa kazi yake.

Hesabu hizo si zako. Wewe utapanda peke yako siku nyingi. Utakuwa kwenye lami ya barabara kuu ya kutoka Nanyuki kwenda Meru na Isiolo, kwa mwendo wa kilomita 60 au 70 kwa saa, malori yakikupita ubavuni. Barabara hii ni sehemu ya njia kuu ya Afrika inayotoka Cairo hadi Cape Town, na tangu kipande cha Isiolo hadi Moyale, kilomita 500 hivi, kitiwe lami, malori marefu yameongezeka. Huna haja na keria ya kubeba magunia matatu. Unahitaji taa, breki, matairi na injini inayowaka kwa kiki ya kwanza au ya pili kwenye baridi ya Julai.

Lakini nianze na injini, maana ndiyo inayowakosesha watu usingizi.

Timau iko begani mwa Mlima Kenya upande wa kaskazini, zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, na ukielekea Kisima barabara inazidi kupanda. Kwenye kimo hicho shinikizo la hewa ni kama robo tatu tu ya lile la pwani. Injini huishi kwa kuvuta hewa na kuichoma pamoja na petroli, na hewa ikipungua nguvu nayo hupungua kwa kadiri hiyo hiyo. Pikipiki ya cc 150 inayotoa nguvu za farasi 12 Mombasa, hapa itatoa 9 au zaidi kidogo. Hakuna fundi wa kukurudishia hizo tatu. Mlima umezichukua.

Kuna hasara ya pili, na hii ina dawa. Kabureta ya kawaida haijui kwamba imepanda mlima. Inaendelea kumwaga petroli karibu ile ile iliyopangiwa kiwandani, na kwa sababu hewa ni chache, mchanganyiko unakuwa mzito wa mafuta. Nimewahi kusimama kwenye kibanda cha fundi mmoja hapa mjini wakati kijana aliyekuwa akifanya kazi pwani alipoleta pikipiki aliyoinunua huko. Mashitaka yake yalikuwa yale yale ya kila siku: haina nguvu, inakunywa mafuta, asubuhi inakohoa. Fundi hakubishana naye. Alifungua plagi, akaigeuza chini ya mwanga, akamwonyesha ncha yake, nyeusi tii, imefunikwa masizi makavu yaliyobaki kwenye kidole alipoigusa. “Kijana, hii bado inafikiri iko Mombasa,” alimwambia. Kisha akafungua kabureta juu ya kipande cha gazeti, akatoa sindano, akahamisha klipu yake tundu moja juu ili sindano ikae chini zaidi na kupitisha mafuta machache, akaweka jeti ndogo kuliko ile ya kwanza, akarudishia. Kazi yote haikumaliza saa moja. Siku chache baadaye plagi ile ilikuwa na rangi ya kahawia hafifu, ile ambayo mafundi huipenda, na malalamiko ya mafuta yalikwisha.

Naisimulia kazi hii kwa kirefu kwa sababu ni ya bei ndogo, na watu huipita wakakimbilia kununua injini kubwa. Ukinunua pikipiki yenye kabureta, iwe mpya au ya mkono wa pili, sehemu ya mapatano iwe ni kurekebishwa kwa ajili ya kimo cha Timau. Wauzaji wa miji ya mlima huu, kutoka Nyeri hadi Meru, wangetutendea haki kama wangefanya kazi hiyo kabla ya kumkabidhi mteja ufunguo. Zile zinazodunga mafuta kwa kompyuta hujirekebisha zenyewe, na katika baridi huwaka kwa urahisi zaidi, ila ziko chache, na ikikuharibikia njiani utahitaji fundi mwenye kifaa cha kuisoma. Bado sijamshauri mtu wa kijiji cha ndani ainunue.

Basi cc ngapi? Jibu langu ni 125 kwa walio wengi. Ya cc 100 ina sifa ya kubana mafuta, na ikiwa kazi yako iko kilomita tano au sita kwa njia ya ndani itakutosha kabisa. Kwenye barabara kuu lakini, mlima ukishaikata robo ya nguvu, inakuacha kwenye mpando ukiwa mbele ya lori usiweze kuondoka. Huko ni mahali pabaya pa kuwa. Ya cc 150 ninamshauri mtu mzito, au anayembeba mwenzake kila asubuhi, au anayepanda kuelekea Meru kila siku. Zaidi ya hapo ni pesa za kupamba. Misimu mingine utawaona wasafiri wa kigeni wakipita Timau na pikipiki za cc 1,000 na zaidi, masanduku ya aluminiamu pande zote mbili, wakitoka Cairo au wakienda huko. Vijana hutoka nje ya maduka kuzitazama. Ni vyombo vizuri kwa safari ile. Lakini pikipiki iliyowapeleka watu wengi zaidi kazini katika historia ni Honda Super Cub, iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 1958 ikiwa na injini ya cc 49 tu, na kufikia mwaka 2017 familia yake ilikuwa imepita milioni 100. Ilipendwa kwa wepesi wake, kwa kutosumbua, na kwa kumrudisha mtu nyumbani.

Sasa nije kwenye giza, maana hapa ndipo ninapotofautiana na wenzangu wengi.

Taa ya pikipiki nyingi za bei nafuu haichukui umeme kwenye betri. Inauchukua moja kwa moja kutoka kwenye mashine ya kuzalisha umeme iliyomo ndani ya injini. Maana yake ni kwamba injini ikizunguka kwa kasi taa inang’aa, na ukipunguza mafuta taa inafifia. Fikiria sasa uko kwenye njia ya ndani saa kumi na moja na nusu, umeona kivuli mbele yako, huna hakika kama ni shimo, punda aliyelala au mkokoteni usio na kiakisi. Unaachilia mafuta ili uone vizuri. Papo hapo taa yako inazima nusu. Unapopunguza mwendo kwa sababu ya hatari ndipo chombo chako kinapokunyima mwanga. Kabla ya kulipa hata shilingi moja, iwashe pikipiki jioni, ielekeze ukutani, uiache ingurume bila mafuta kisha uongeze. Mwanga ukipanda na kushuka pamoja na injini, ujue ni taa ya aina gani. Tafuta modeli ambayo taa yake inalishwa na betri, au umlipe fundi wa umeme anayejua kazi aibadilishe vizuri, kwa rilei na fyuzi. Na usidanganywe na zile taa nyeupe kali za kubandika zinazowapofusha wanaokuja mbele. Dereva wa lori aliyepofushwa na wewe ndiye atakayekugonga.

Ukungu nao una desturi yake. Kati ya Timau na Kisima unaweza kutoka kwenye anga safi ukaingia ndani ya wingu lililokaa juu ya lami, ukatoka tena baada ya kilomita moja. Mwanga mkali huko hurudi usoni. Kinachokuokoa ni kuonekana: taa ya nyuma inayowaka, kiakisi safi, na rifleta uliyoivaa kifuani na mgongoni, wala si ile iliyofungwa kwenye tangi kwa ajili ya polisi. Sheria ya Trafiki inamtaka mwendeshaji na abiria wake wavae helmeti na rifleta, na inaruhusu abiria mmoja tu. Watu huisoma sheria hiyo kama bei ya kupita kwenye kizuizi cha polisi. Kwa anayeendesha kabla ya mapambazuko kwenye barabara hii, ndiyo inayomfanya dereva wa matatu ajue kwamba kuna mtu mbele.

Breki. Zile za ngoma, za mtindo wa zamani, zina heshima yake kwa urahisi wa kutengeneza, na kwenye vumbi hudumu. Zikiingia maji hupoteza nguvu mpaka zikauke, na mvua za Aprili na Novemba hazikupi nafasi ya kuzikausha. Kama uwezo upo, chukua yenye diski kwenye gurudumu la mbele. Ujifunze kuitumia pia, maana wengi wetu tulifundishwa na kaka zetu uwanjani kuogopa breki ya mbele, tukazoea ya nyuma peke yake, ilhali sehemu kubwa ya nguvu ya kusimama iko mbele. Anayeteremka kutoka njia panda kwenda Isiolo ana jambo jingine la kukumbuka: mteremko ule ni mrefu, na wanaouteremka na gia huru ili kubana petroli wanazichosha breki mpaka zinapata moto. Acha injini ikushike kwenye gia.

Upepo hausemwi sana kwenye maduka ya pikipiki. Pale mashamba ya ngano yanapofunguka pande zote, unakuja wa ubavuni, na unapopishana na lori unakatika ghafla kisha unakurudia kwa kishindo. Pikipiki nyepesi inasogea nusu mita bila hiari yako. Ndiyo sababu ninasikitika kila ninapoona mtu ameibandika ile miavuli ya boda kwenye chombo cha kwendea kazini. Mjini, kwa mwendo wa pole, inamkinga abiria na mvua. Kwenye barabara ya Timau ni tanga la jahazi, na wewe ndiye jahazi.

Baridi inaua umakini kabla haijaua kitu kingine. Mkono uliokufa ganzi hauhisi klachi. Jicho linalotiririka machozi halioni shimo. Wahudumu wa boda wa nyanda za juu walishalitatua hili kwa mikono mipana ya ngozi au turubai inayofungwa kwenye usukani, nawe unaingiza viganja vyako ndani. Ni kitu cha bei ndogo, na kwangu mimi ni kitu cha kwanza cha kuongeza kwenye pikipiki mpya. Ila jaribu kwanza ukiwa umesimama kama unaweza kutoa mkono upesi. Gazeti lililokunjwa ndani ya jaketi kifuani bado linafanya kazi kama lilivyofanya kwa baba zetu waliopanda baiskeli.

Matairi yategemee uwiano wa safari yako. Ikiwa robo tatu ni lami na robo ni njia ya udongo, usiweke yale ya meno makubwa ya kwenda porini: kwenye lami yenye maji hayashiki vizuri. Mnyororo utaliwa na vumbi la Julai na Agosti usipousafisha. Kumwagia oili chafu, kama wengi wafanyavyo, kunaupaka gundi ya kukusanyia mchanga, na meno ya gia yanakwisha kabla ya wakati. Na wanaokaa upande wa msitu wa Ngare Ndare wanajua kwamba giza lina ndovu. Tangu mapema mwaka 2011 ndovu wanaotoka mlimani wana njia yao ya chini ya barabara kuu, ile iliyojengwa kuunganisha msitu wa Mlima Kenya na Ngare Ndare na Lewa, na wameitumia tangu siku za kwanza. Imepunguza mengi. Haimzuii mmoja kuwa mahali asipotarajiwa, na ukimwona, zima haraka ya kufika kazini.

Kuna kundi ambalo wauzaji hulisahau. Wafanyakazi wengi wa mashamba ya maua ni wanawake, na shule na zahanati zetu zinaendeshwa na wanawake, lakini mama akiingia duka la pikipiki huulizwa kama mzee wake atakuja kuiangalia. Kimo cha kiti ni jambo la msingi kwa mtu mfupi, mwanamke au mwanamume: ukikaa, nyayo zote mbili ziguse chini, kwa sababu kwenye changarawe yenye mteremko utasimama sana na utahitaji kuushikilia uzito wote. Zile ndefu za mtindo wa maafisa wa kilimo, Yamaha DT na Honda XL, zimetumikia nchi hii vizuri kwenye njia mbaya, ila kwa mtu mfupi kwenye foleni ya Nanyuki ni mateso. Skuta za gia ya kujiendesha zinawavutia wengi, na kwa mtu ambaye njia yake yote ni lami sina pingamizi. Ila magurudumu yake madogo huingia kwenye shimo ambalo gurudumu la Boxer lingelipita juu.

Pesa nitazipitia haraka. Pikipiki mpya ya cc 125 au 150 siku hizi bei yake inacheza karibu na laki mbili, chini kidogo au juu kidogo. Ushuru wa VAT kwa pikipiki ndogo uliondolewa kwenye bajeti ya mwaka 2008, na hapo ndipo zilipoanza kufurika vijijini, mikopo ikafuata. Tatizo ni kwamba mikopo mingi ya pikipiki ilibuniwa kwa mtu wa boda, anayeingiza pesa kila jioni na kulipa kila siku. Mwenye mshahara wa mwisho wa mwezi akiingia humo anajikuta anatafuta mia tatu au mia nne kila siku katikati ya mwezi, na chombo kinaweza kuzimwa kwa mbali au kuchukuliwa. Kwa mfanyakazi wa mshahara, chama cha akiba na mikopo kinachotoza asilimia moja kwa mwezi kwa salio linalopungua ni njia nafuu zaidi kwa mbali. Ukinunua ya mkono wa pili, usikubali logibuku ya ahadi. Uhamisho wa umiliki ufanywe kwenye mfumo wa serikali siku ile ile ya malipo, na namba ya injini na ya fremu uzisome mwenyewe kwenye chuma. Bima yako iwe ya matumizi ya binafsi, na ukiwa unatoza watu nauli wikendi, jua kwamba bima hiyo haikulindi.

Petroli inahitaji hesabu ya kila mwezi, kwa sababu tarehe 14 ya kila mwezi ndipo bei mpya hutangazwa. Mwezi wa Septemba mwaka 2023 bei ya Nairobi ilivuka shilingi 200 kwa lita kwa mara ya kwanza, na huku kwetu bei huwa na nyongeza ya usafiri. Pikipiki ya cc 125 iliyorekebishwa vizuri hukupa kilomita 50 kwa lita au karibu na hapo. Timau hadi Nanyuki na kurudi ni lita moja. Ile yenye plagi nyeusi hukunyang’anya sehemu ya hiyo lita kila siku, kimyakimya.

Na za umeme? Rafiki zangu vijana huniuliza kila mara, na mimi nazipenda kwa sababu moja ya hapa hapa: mota ya umeme haivuti hewa. Mlima hauipunguzii kitu. Nguvu iliyo nayo Mombasa ndiyo itakayokuwa nayo Kisima. Serikali ilizipigia debe mwezi wa Septemba mwaka 2023, na kampuni kama Roam, Ampersand na Spiro zimeshaingiza nyingi mijini. Lakini mfumo wa kubadilisha betri umejengwa kwa ajili ya boda wa Nairobi, Mombasa na miji mikubwa, na betri hupungukiwa na nguvu kwenye baridi ile ile tuliyoizungumzia. Anayetaka ya umeme Timau kwa sasa achukue yenye betri inayotoka na kuchajiwa ndani ya nyumba, na safari yake ya kwenda na kurudi isizidi nusu ya kile alichoahidiwa na muuzaji. Mashamba kadhaa ya maua ya ukanda huu yana paneli za jua. Kama yangetenga soketi chache kwenye maegesho ya wafanyakazi, mfanyakazi angefika na betri nusu na kuondoka na iliyojaa, na hesabu yote ya umeme ingebadilika kwa maelfu ya watu bila kungoja kampuni ya Nairobi ifungue kituo.

Nimeyaandika haya nikiwa na hofu ninayoweza kuitaja waziwazi. Kila mwaka tangu 2021 nchi hii imepoteza zaidi ya watu 4,000 barabarani, na wapanda pikipiki ni sehemu kubwa ya hao.  Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa na mtandao wa Cochrane mwaka 2008 ulikadiria kwamba helmeti hupunguza hatari ya kufa kwa asilimia 42 na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Sijui kifaa kingine cha bei hiyo kinachofanya kazi hiyo. Bado mtu atatoa laki mbili za pikipiki na kuchukua helmeti aliyopewa kama zawadi dukani, nyepesi kama bakuli la plastiki, mkanda wake umekatika kufikia mwezi wa pili.

Hivyo ombi langu nawapelekea wanaoshika pesa: vyama vya akiba vya walimu, vya wauguzi na vya wafanyakazi wa mashamba ya maua kuanzia Timau hadi Naro Moru. Fomu ya mkopo wa pikipiki isiwe ya pikipiki peke yake. Iongezwe elfu ishirini ndani ya mkopo huo huo, kwa kiwango kile kile cha riba, na pesa hizo zilipwe moja kwa moja kwa muuzaji na kwa shule ya udereva: helmeti mbili za kufunika uso mzima zenye alama ya ubora, rifleta mbili, glavu, mikono ya usukani, kabureta kurekebishwa kwa kimo cha huku, na masomo ya kutosha kumpatia mwanachama leseni na kumfundisha breki ya mbele kwenye lami iliyolowa. Katika mkopo wa miezi ishirini na minne, nyongeza hiyo ni kama shilingi elfu moja kwa mwezi. Kamati za mikopo hukutana kila mwezi. Hili linaweza kuingia kwenye ajenda ya kikao kijacho, na mwanachama yeyote ana haki ya kulipendekeza.